Wi-Fi imegoma kwenye Linux: soma dalili kabla hujafuta mfumo

Lalamiko ni lile lile: "Nimeweka Linux, kila kitu kinakwenda, Wi-Fi tu ndiyo imekataa." Na jibu linalotangulia huwa ni "weka distro nyingine," yaani toleo jingine la Linux. Ushauri huo mara nyingi ni kupiga ramli. Huenda distro nyingine ikaleta kerneli (kiini cha mfumo) mpya na tatizo likaisha, au ukapoteza jioni nzima na kurudi pale pale, kwa sababu tangu mwanzo tatizo lilikuwa swichi iliyozimwa.

Wi-Fi ni mnyororo. Kuna kadi yenyewe, draiva (programu inayoiendesha kadi) iliyo ndani ya kerneli, programu dhibiti (firmware) inayopakiwa kwenye kadi, swichi ya kuwasha redio, programu inayosimamia miunganisho, nenosiri, anwani inayotolewa na ruta, na mwisho DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Kazi yako ni kujua pete ipi imekatika. Ukishaijua, tiba mara nyingi ni mstari mmoja au miwili.

Amri za hapa ni za Debian, Ubuntu, Linux Mint na ndugu zao. Ukiwa na Fedora au Arch, amri za uchunguzi hazibadiliki. Kinachobadilika ni majina ya vifurushi na namna ya kuvisakinisha. Kanuni ya kushika ni moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika ulichobadilisha. Anayebandika amri kumi kwa mkupuo hata Wi-Fi ikipona hajui nini kimeiponya, na ikiharibika zaidi hajui arudishe nini.

## Kabla ya yote: mtandao wa kuazima na vipimo vitatu

Utahitaji intaneti ili kutengeneza intaneti. Kama huna waya wa mtandao, chukua simu ya Android, iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kusambaza mtandao kupitia USB. Kompyuta itaiona simu kama kadi ya mtandao wa waya, bila kusakinisha chochote. Simu ikiwa imeshika Wi-Fi ya nyumbani, itaipitisha hiyo hiyo, kwa hiyo si lazima ule data yako.

Angalia pia kama simu na vifaa vingine vinapata mtandao kwenye ruta hiyo. Kama hakuna hata kimoja kinachopata, usiisingizie Linux. Zima ruta, ngoja dakika moja, iwashe.

Kama vingine vinapata na kompyuta haipati, fungua terminali:

```
lspci -nnk | grep -iA3 net
rfkill list
nmcli device status
```

Amri ya kwanza inakutajia kadi, namba yake ya utambulisho (kwa mfano `8086:2723`, ambayo ni Intel AX200), na mstari wa `Kernel driver in use` unaoonyesha draiva inayoiendesha. Mstari huo ukikosekana, kadi ipo lakini haina anayeiendesha. Amri ya pili inasema kama redio imezuiwa. Ya tatu inaonyesha hali ya kadi, na hapo tofautisha maneno mawili yanayochanganya watu: `unavailable` maana yake kadi inaonekana ila haijawa tayari, na `unmanaged` maana yake NetworkManager (ile programu inayosimamia miunganisho) imeambiwa isiiguse.

Jina la kadi linaweza kuwa `wlan0`, `wlp2s0` au linalofanana na hayo. Kwenye mifano yangu ni `wlp2s0`; wewe weka la kwako.

## Dalili: hakuna Wi-Fi kabisa kwenye menyu

Programu dhibiti haipo. Hiki ndicho chanzo cha kuanza nacho, hasa kwenye Debian. Kadi nyingi za Wi-Fi haziwaki mpaka kerneli izipakie faili ya mtengenezaji, na faili hiyo mara nyingi si huria. Visakinishi rasmi vya Debian havikuwa nazo hadi toleo la 12 la mwaka 2023. Aliyeanza na toleo la zamani akapanda nalo hadi 12 anaweza bado kukosa sehemu ya `non-free-firmware` kwenye orodha ya vyanzo vyake vya programu. Angalia:

```
sudo dmesg | grep -i firmware
```

Ukiona `failed to load` au `failed with error -2`, faili haikupatikana. Lakini usikurupuke. Draiva ya Intel, `iwlwifi`, hutafuta kwanza toleo jipya la faili, ikilikosa inashuka hadi la nyuma yake, na kila inapokosa inalalamika. Kama chini ya malalamiko hayo kuna mstari wa `loaded firmware version`, imepata iliyoitaka. Tatizo lako liko kwingine.

Kama kweli haipo, kwenye Debian sakinisha kifurushi cha kadi yako: `firmware-iwlwifi` kwa Intel, `firmware-realtek` kwa Realtek, `firmware-atheros` kwa Atheros. Kwenye Ubuntu na Mint vyote vimo ndani ya `linux-firmware`. Kisha zima kompyuta kabisa na uiwashe.

Kerneli ni ya zamani kuliko kadi. Mashine mpya, mfumo wa zamani: hapo `lspci` inaitaja kadi lakini mstari wa draiva haupo. Tazama `uname -r` na ulinganishe. Intel AX200 inahitaji kerneli 5.1 au zaidi, AX210 inahitaji 5.10, BE200 inahitaji 6.5. MediaTek MT7921 iliingia kwenye 5.12. Kwenye Ubuntu za muda mrefu, sakinisha kerneli ya HWE (kerneli mpya kwa mfumo wa zamani) ya toleo lako (kwa mfano `linux-generic-hwe-22.04`), kwenye Debian, chukua kerneli ya backports, ghala la vifurushi vipya kwa toleo lako. Usianze kujenga draiva kutoka msimbo wake uliookota mahali wakati kerneli mpya inayo tayari.

Kadi ni Broadcom. Utambulisho wake unaanza na `14e4`, na hawa wana tabia zao. Zipo draiva huria `b43`, `brcmsmac` na `brcmfmac`, na ipo isiyo huria iitwayo `wl`. Kila kadi ina yake, na `wl` haipatani na nyingine. Wengi huzisakinisha zote wakitumaini mojawapo itashika. Matokeo ni kwamba hakuna inayoshika. Kwa BCM4360, kwa mfano, unahitaji `wl`: kwenye Ubuntu ni `bcmwl-kernel-source`, kwenye Debian ni `broadcom-sta-dkms`. Chagua moja, ondoa nyingine, washa upya.

Secure Boot (ulinzi unaokubali tu programu zilizosainiwa) imekataa draiva. Hili huwapata wanaotumia draiva za nje ya kerneli, kama `wl` hiyo na draiva nyingi za Realtek za USB. Ukiipakia kwa `modprobe`, jibu ni `Key was rejected by service`. Hakikisha kwa `mokutil --sb-state`. Kwenye Ubuntu, njia safi ni kuandikisha ufunguo:

```
sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der
```

Utaombwa kutunga nenosiri la mara moja. Kompyuta ikiwaka upya inatokea skrini ya bluu. Chagua `Enroll MOK`, ingiza nenosiri lile. Skrini hiyo haikungoji: ukizubaa inapita na unaanza upya. Kuzima Secure Boot kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) nako kunasaidia, lakini kama diski ya Windows kwenye mashine hiyo imefungwa kwa BitLocker, hakikisha kwanza unao ufunguo wa kuifungulia, maana inaweza kuudai.

Kadi haionekani hata kwenye `lspci`. Jaribu na `lsusb`, kwa kuwa baadhi ya kadi za ndani hupita kwenye USB. Ikikosekana kote, ingia BIOS uone kama Wi-Fi imezimwa huko. Kama mashine ina Windows pia, zima kipengele cha kuwaka haraka upande wa Windows: kinaiacha kadi katika hali ya usingizi, na Linux inaikuta haiamki. Halafu toa umeme wote: zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka kwa nje, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, rudisha, washa. Inaonekana kama ushirikina, lakini kadi iliyoganda hupona hivi mara nyingi kuliko unavyodhani. Isipopona, huenda imelegea au imekufa, na hilo nitalifikia mwishoni.

## Dalili: Wi-Fi ipo, ila imezimwa na haiwashiki

Hapa `rfkill list` ndiyo inayosema kweli. Ina mistari miwili kwa kila redio, na kila mmoja una tiba yake.

`Soft blocked: yes` ni kizuizi cha programu: hali ya ndegeni, au kitufe kilichobonyezwa bila kukusudia. Mfumo hukumbuka hali hii hata ukizima na kuwasha, ndiyo maana kuwasha upya hakusaidii.

```
sudo rfkill unblock wifi
nmcli radio wifi on
```

`Hard blocked: yes` ni kizuizi cha kifaa, na hakuna amri ya `rfkill` itakayokiondoa, hata ukiirudia mpaka kesho. Kagua ubavu wa mashine kama una swichi ndogo ya kuteleza. Mashine za zamani nyingi zinayo, na huguswa kwenye begi. Jaribu kitufe cha Fn pamoja na kile chenye alama ya antena au ndege. Ingia BIOS.

Vyote vikishindikana, kuna chanzo kinachosahaulika. Moduli za kerneli zinazosimamia vitufe vya mtengenezaji, kama `ideapad_laptop`, `hp_wmi` au `acer_wmi`, wakati mwingine huripoti swichi ambayo kwenye mashine haipo. Iondoe kwa muda uone:

```
sudo modprobe -r ideapad_laptop
rfkill list
```

Kizuizi kikitoweka, umempata mhusika. Unaweza kuizuia isipakiwe tena kwa faili ndani ya `/etc/modprobe.d/` yenye neno `blacklist` na jina la moduli. Jua tu kwamba baadhi ya vitufe vya Fn vinaweza kuacha kufanya kazi.

Kama `rfkill` ni safi lakini hali ni `unmanaged`, fungua `/etc/network/interfaces`. Ukisakinisha Debian kupitia Wi-Fi bila mazingira ya eneokazi, kisha ukayaongeza baadaye, kadi yako huwa imeandikwa humo na NetworkManager inaiheshimu kwa kutoigusa. Weka alama ya `#` mbele ya mistari ya kadi hiyo, uache ile ya `lo` (kadi ya ndani ya mfumo wenyewe), kisha washa upya. Na ikiwa ni `unavailable`, tazama kama `systemctl status wpa_supplicant` inaonyesha huduma hiyo inaendeshwa.

## Dalili: mitandao ya majirani inaonekana, wa kwangu hauonekani

Mara nyingi hapa kompyuta haina kosa. Huenda ruta imejichagulia chaneli ambayo kadi yako haitazami.

Kwenye 2.4 GHz, baadhi ya nchi huruhusu chaneli 1 hadi 11, nyingine hadi 13. Kadi isiyojua iko nchi gani hujibana, na mtandao ulio kwenye 12 au 13 unaweza usionekane. Kwenye 5 GHz, chaneli 52 hadi 144 zinashirikiana na rada, kwa hiyo kadi haithubutu kutangaza humo; inasikiliza tu, na baadhi ya draiva hukawia kuusikia mtandao. Halafu kuna ruta za 6 GHz, ambazo kadi isiyo ya Wi-Fi 6E au zaidi haizioni kabisa. Na kadi nyingine za bei ya chini zina 2.4 GHz peke yake. Hizo hazitauona mtandao wa 5 GHz hata ukae juu ya ruta.

Tiba rahisi iko kwenye ruta: 2.4 GHz iweke kwenye chaneli 1, 6 au 11, na 5 GHz kati ya 36 na 48. Kama huna ruhusa ya ruta, endesha `iw reg get`. Ukiona `country 00`, kadi haijui nchi; iambie kwa `sudo iw reg set` ikifuatiwa na herufi mbili za nchi uliyopo. Uliyopo kweli. Kudanganya nchi ili upate nguvu zaidi ya antena ni kuvunja sheria, ni kuingilia rada, na kadi nyingi za Intel zinapuuza amri hiyo hata hivyo.

## Dalili: nenosiri linakataliwa ingawa ni sahihi

Anza kwa kudhani si sahihi. Futa muunganisho uliohifadhiwa na uunganishe upya kwa namna ambayo nenosiri halibaki kwenye historia ya terminali:

```
nmcli connection delete "JinaLaMtandao"
nmcli --ask device wifi connect "JinaLaMtandao"
```

Ikikataa tena, soma kumbukumbu:

```
journalctl -b -u NetworkManager -u wpa_supplicant
```

Ukikuta `WRONG_KEY` au `pre-shared key may be incorrect`, ama nenosiri si lenyewe, ama mawimbi ni hafifu kiasi kwamba mazungumzo ya mwanzo hayakamiliki. Sogea karibu na ruta kabla ya kubishana na kompyuta.

Kinachofuata ni WPA3, aina ya ulinzi wa Wi-Fi iliyo mpya kuliko WPA2. Ruta iliyowekwa WPA3 peke yake itaikataa kadi ya zamani, na hata ile ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 huwasumbua baadhi. Iweke WPA2 kwa jaribio. Kama ruta ina orodha ya anwani za MAC (namba za utambulisho za kadi) inazoziruhusu, kumbuka kwamba baadhi ya mifumo hubuni anwani ya MAC badala ya kutumia ile ya kadi. Kwenye muunganisho husika weka `wifi.cloned-mac-address` iwe `permanent`. Na adapta za USB zinazoshindwa kuunganisha kabisa mara nyingi hupona kwa faili hii ndani ya `/etc/NetworkManager/conf.d/`:

```
[device]
wifi.scan-rand-mac-address=no
```

Mitandao ya vyuo na ofisi inayotaka jina la mtumiaji ni habari nyingine. Waulize wasimamizi wake aina ya uthibitisho na cheti. Usikubali ushauri wa kuzima ukaguzi wa cheti ili tu uingie. Mtu yeyote akiweka ruta yenye jina lile lile, utamkabidhi nenosiri lako la kazini.

## Dalili: imeunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka

Panda ngazi moja baada ya nyingine:

```
ip -4 addr
ip route
ping -c 4 192.168.1.1
ping -c 4 1.1.1.1
ping -c 4 debian.org
```

Ile ya tatu badilisha uweke anwani ya ruta yako, inayofuata baada ya `default via` kwenye `ip route`.

Huna anwani, au inaanza na 169.254? Ruta haikukupa, iwashe upya. Ruta inajibu lakini 1.1.1.1, anwani iliyo nje kwenye intaneti, haijibu? Tatizo liko nje ya nyumba, au kuna VPN iliyozimika ikaacha kizuizi chake kikibana kila kitu. Hili la VPN ni la kawaida sana: `nmcli connection show --active` ikionyesha muunganisho usioufahamu, ufunge. Ukiona mistari miwili ya `default`, mmoja wa waya na mwingine wa Wi-Fi, chomoa waya.

1.1.1.1 inajibu lakini jina halijibu? Hiyo ni DNS. `resolvectl status` itakuonyesha inamuuliza nani, kwenye mifumo inayotumia systemd-resolved. Mkosaji wa kawaida ni `/etc/resolv.conf` iliyoandikwa kwa mkono kufuata maelekezo ya zamani.

Kila `ping` inajibu lakini kivinjari kinalia kuhusu usalama? Angalia saa: `timedatectl`. Betri ndogo ya ubao mama ikiisha, saa inarudi miaka nyuma na kila cheti kinaonekana batili. Na ukiwa hotelini au uwanja wa ndege, ukurasa wa kuingia hukwama kwa sababu kivinjari kinang'ang'ania HTTPS, fungua `http://neverssl.com` uusukume ujitokeze.

## Dalili: inakatika-katika, au inakwenda kwa kujikokota

Pima kwanza:

```
iw dev wlp2s0 link
```

Mstari wa `signal` ni namba hasi. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo bora. −50 dBm ni nzuri sana, −67 inatosha kwa simu za video, −80 ni ya kubahatisha. Mstari wa `freq` unakwambia kama uko 2.4 GHz au 5 GHz.

Mawimbi yakiwa mazuri na bado inakatika, mshukiwa wangu wa kwanza siku zote ni kuokoa umeme. Kadi inasinzia katikati ya kazi na draiva inachelewa kuiamsha. Zima kwa muda:

```
sudo iw dev wlp2s0 set power_save off
```

Tumia mashine kama kawaida kwa siku nzima. Ikitulia, ifanye ya kudumu kwa faili `/etc/NetworkManager/conf.d/zz-powersave.conf`:

```
[connection]
wifi.powersave = 2
```

Namba 2 ni kuzima, 3 ni kuwasha, na hapa wengi hukosea. Zile `zz` si urembo: faili husomwa kwa mpangilio wa alfabeti na ya mwisho ndiyo inayoshinda, na Ubuntu huja na faili yake yenye 3.

Chanzo cha pili ni msongamano wa 2.4 GHz. Bluetooth iko huko huko, na vifaa vya USB 3 pamoja na nyaya zake hutoa kelele katika masafa hayo hayo. Kama Wi-Fi inazorota kila unapochomeka diski ya nje, umeshapata jibu: hamia 5 GHz au isogeze diski.

Kama kasi ni ndogo na `signal` iko −75 ukiwa mita mbili kutoka kwenye ruta, huo si ugonjwa wa programu. Antena imechomoka ndani, hasa kama mashine imewahi kufunguliwa kubadilishwa skrini au betri.

Utakutana na ushauri wa kuweka `11n_disable=1` kwenye `iwlwifi`. Unatuliza mambo, ndiyo, kwa kukurudisha kwenye kasi isiyozidi 54 Mb/s. Kama kipimo cha nusu saa sawa. Kama tiba hapana. Na ukikuta `Microcode SW error` kwenye `dmesg`, programu dhibiti imeanguka: sasisha mfumo, au kama ilianza baada ya kusasisha, soma sehemu inayofuata.

## Dalili: ilikuwa nzima, ikaharibika baada ya kulala au kusasisha

Ikipotea baada ya mashine kuamka usingizini, jaribu kuipakia draiva upya (kwa Intel nyingi, nyingine weka jina lililotajwa na `lspci`):

```
sudo modprobe -r iwlmvm iwlwifi
sudo modprobe iwlwifi
```

Ikirudi, unaweza kuiachia mashine ifanye yenyewe kwa hati ndogo ndani ya `/usr/lib/systemd/system-sleep/`, iliyopewa ruhusa ya kuendeshwa:

```
#!/bin/sh
case "$1" in
  pre) modprobe -r iwlmvm iwlwifi ;;
  post) modprobe iwlwifi ;;
esac
```

Hii ni bandeji. Kabla yake angalia kama mtengenezaji ametoa BIOS mpya.

Iliyoharibika baada ya kusasisha ni rahisi zaidi: washa upya, kwenye menyu ya GRUB (ya kuchagua cha kuwasha) ingia `Advanced options`, chagua kerneli ya awali. Ikifanya kazi huko, kaa nayo na uripoti hitilafu kwa distro yako. Kama draiva yako ni ya DKMS (hujengwa upya kwa kila kerneli), pengine haikujengwa kwa kerneli mpya. Amri ya `dkms status` itakuambia, na mara nyingi kilichokosekana ni kifurushi cha `linux-headers`.

Adapta za USB zina kioja chao. Baadhi hujitambulisha kwanza kama diski yenye draiva za Windows. Amri ya `lsusb` ikionyesha `0bda:1a2b`, hiyo ni Realtek iliyo katika hali hiyo. Sakinisha `usb-modeswitch`, chomoa, chomeka.

## Pa kuishia, na nini cha kumpelekea fundi

Kabla ya kufungua mashine, fanya jaribio moja: weka distro ya karibuni kwenye flashi, washa kompyuta kwa flashi hiyo bila kusakinisha chochote. Wi-Fi ikishika, kadi ni nzima na tatizo ni la mfumo wako. Isiposhika hata huko, na `lspci` haiioni, ni la vifaa.

Usifungue mwenyewe ukiona mojawapo ya haya: kifuniko cha chini au padi ya kugusa imeinuka, maana yake betri imevimba (zima, usiichaji, usiibonyeze), kuna harufu ya kuungua, mashine imewahi kumwagikiwa maji, dhamana bado ni hai, au kadi imechomelewa kwenye ubao mama. Kusasisha BIOS pia usikuanze bila chaja kuchomekwa na betri kuwa na chaji ya kutosha. Umeme ukikatika katikati, utakuwa na tatizo kubwa kuliko Wi-Fi.

Ukiamua kufungua, chomoa betri ndani kabla ya kugusa kitu kingine. Viunganishi vya antena ni vidogo na vinachakaa haraka: vinasukumwa chini wima, havilazimishwi. Ukinunua kadi mbadala, fahamu kwamba AX200 na AX201 zinafanana kwa macho lakini AX201 inafanya kazi tu na vichakataji vya Intel vilivyoandaliwa kwa ajili yake. Kwenye mashine ya AMD haitaonekana kabisa. Na baadhi ya mashine za zamani hukataa kadi isiyo kwenye orodha ya BIOS yake: ThinkPad za enzi hizo husimama na kosa 1802 kabla hata mfumo haujawaka.

Ukienda kwa fundi, mpelekee karatasi au faili yenye matokeo ya zile amri tatu za mwanzo, `uname -r`, na kilichotokea ulipowasha kwa flashi. Asipotaka kuyatazama na akakimbilia kusema "tufute tuweke Windows," tafuta mwingine. Au nunua adapta ndogo ya USB ambayo draiva yake tayari imo ndani ya kerneli, hasa za MediaTek zinazotumia `mt76`, uendelee na kazi zako wakati kadi ya ndani inasubiri.